Chumba Kilichokuwa Stoo: Tathmini ya Huduma ya Ushauri Nasaha katika Shule Moja ya Mombasa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ushauri nasaha inayotolewa katika shule moja ya sekondari ya kutwa, ya wavulana na wasichana, iliyoko kisiwani Mombasa. Nimeifuatilia mwaka mzima wa masomo wa 2025, mihula yote mitatu, nikiwa mlezi wa msichana wa kidato cha tatu ambaye aliitumia mara 14. Mwaka huo kila mzazi alilipa shilingi 500 kwa muhula, awe mtoto wake ameingia katika chumba hicho au hajawahi kuingia, na kwa fedha hizo shule imemwajiri mshauri nasaha mmoja ambaye huja siku ya Jumanne na siku ya Alhamisi. Jina la shule sitalitaja. Wanafunzi wake si wengi na chumba chenyewe kina mlango mmoja, kwa hivyo nikiitaja shule nitakuwa nimemtaja mtoto. Binti amelisoma andiko hili kabla halijatoka na amefuta aya mbili, nami sikumuuliza sababu.

Mamake alikuwa dada yangu mkubwa. Alifariki Novemba 2024, na baada ya arobaini mtoto akahamia kwangu. Shule zilipofunguliwa Januari, alianza kuumwa na tumbo kila Jumapili usiku, na kufikia Jumatatu alfajiri amejikunja kitandani hawezi kusimama. Nilimpeleka zahanati mara tatu. Mara ya kwanza alipewa dawa ya minyoo, mara ya pili dawa ya vidonda vya tumbo, na mara ya tatu vipimo vyote vilitoka safi, tukarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Majirani, kwa nia njema kabisa, walisema ni jicho. Mmoja akasema ni jini. Basi nikampeleka kwa shekhe mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima ambaye watu humwendea kwa kusomewa. Alimsomea, akamnywesha maji, akaongea naye kidogo kuhusu masomo, kisha akaniita kando na kuniambia: “Mwanangu, huyu hana jini. Huyu amefiwa. Mtafutie mtu wa kuzungumza naye, na mtu huyo asiwe wewe.” Wapo wanaodhani kwamba dini na ushauri nasaha ni mahasimu, nami ningependa wakae dakika kumi juu ya mkeka wa mzee yule.

Maneno hayo yalinifanya niyakumbuke matanga upya. Kwetu msiba una utaratibu wake, nao ni utaratibu mzuri: watu hujaa, wanawake hukaa na wafiwa, Kurani husomwa, hitima hufanywa, na mtu mzima aliyefiwa hushikwa mkono kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini siku zote tatu za matanga ya dada yangu, kazi ya binti yake ilikuwa kupitisha kahawa na kukusanya vikombe. Kila aliyemshika bega alimwambia “vumilia, ni kazi ya Mungu”, naye akaitikia “naam” na kwenda kuchukua kikombe kingine. Hakuna aliyekosea, wala mimi sidhani kwamba nilikosea. Ila hakuna aliyemwuliza neno lolote ambalo jibu lake lingekuwa refu kuliko “naam”.

Aliyeifungua njia ya kwenda kwa mshauri alikuwa mwalimu wa darasa. Alinipigia simu mwanzoni mwa Februari na kunieleza kwamba mtoto alikuwa akikabidhi daftari lenye tarehe na kichwa cha somo tu, ukurasa mtupu chini yake, wiki mbili mfululizo. Hakumpeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu kama mtundu. Aliniomba ruhusa amwandikishe kwa mshauri, na akaniomba nimwulize mtoto kwanza. Hatua hiyo ndogo naihesabu kuwa sehemu bora ya huduma yote, ingawa haimo katika ada.

Mshauri mwenyewe ni mwanamke wa makamo. Cheti chake cha usajili, chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kimetundikwa ukutani mahali ambapo mtoto aliyeketi anaweza kukisoma. Ninawahimiza wazazi wakitafute cheti kama hicho kabla ya kutoa senti. Katika shule nyingi kazi hii hupewa mwalimu wa kawaida, ambaye asubuhi amefundisha hesabu, saa nne amewasimamisha waliochelewa langoni, adhuhuri amesahihisha mitihani, na jioni anatarajiwa awe sikio la watu. Wako walimu wanaoiweza kazi hiyo kwa moyo wao tu, na nawavulia kofia. Lakini mtoto aliyesimamishwa langoni saa nne hawezi kwenda kumlilia mtu yule yule saa kumi.

Katika kikao cha kwanza, kwa maelezo ya binti, mshauri hakuuliza lolote kuhusu kifo. Aliuliza anakuja shuleni na gari gani, anakula nini mchana, anakaa na nani darasani. Kikao cha pili ndipo alipotoa dodoso la maswali tisa, lile linalojulikana kwa jina la PHQ-9 na kutumika katika nchi nyingi, ambalo huuliza dalili za huzuni nzito katika wiki mbili zilizopita. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla haiwezi kupita 27, na kwa kawaida anayefikia 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Si kipimo cha kumpachika mtu jina la ugonjwa; ni kama kipimajoto, kinachokuambia kuna homa bila kukuambia ni homa ya nini. Mshauri alilieleza jambo hilo vizuri, kwangu na kwa mtoto, na alirudia dodoso hilo kila baada ya vikao vinne ili aone mwelekeo.

Hapo pana jambo la lugha ambalo nitalikalia kidogo, kwa kuwa naliona ndilo lililoifanya huduma hii ifanye kazi. Karatasi ile imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini. Mtoto aliposomewa swali la kwanza, kuhusu kutopata raha katika kufanya mambo, alicheka, akaomba asomewe kwa Kiingereza. Na kwa Kiingereza akajibu maswali yote tisa haraka haraka kama mtu anayejibu mtihani. Mshauri akaiweka karatasi kando. Akamwuliza: “Asubuhi moyo waamka vipi?” Binti aliniambia kwamba swali hilo lilimchukua nusu saa kulijibu, na kwamba hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Kwa huzuni nzito kama hiyo wataalamu wetu wana neno “sonona”, na wengine hutumia “unyogovu”. Watoto wenyewe husema “stresi” kwa kila kitu, kuanzia mtihani wa Ijumaa hadi kufiwa. Mtu wa Mombasa ana maneno mengi kuliko hayo, na kila moja lina uzito wake. Simanzi si majonzi, na majonzi si jitimai. Aliyejiinamia hayuko sawa na aliyenyong'onyea, na mwenye moyo mzito anaweza kucheka siku nzima bila moyo huo kupungua uzito. Mshauri anayeyajua maneno haya anaweza kumwuliza mtoto ni lipi kati yake linalomfaa, na mtoto akachagua kama anayechagua nguo inayomtosha. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa Benchi la Urafiki mwaka 2006, na kuwafunza bibi wazee wasikilize matatizo ya watu wakiwa wameketi juu ya benchi nje ya zahanati, neno waliloegemea lilikuwa la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hawakuwaambia watu wa Harare kwamba wana ugonjwa fulani wa kizungu. Waliwauliza kuhusu kitu ambacho watu hao tayari walikuwa na jina lake. Mshauri wetu hakunitajia mpango huo, nami sijui kama aliwahi kusoma habari zake, lakini njia yake ni hiyo hiyo.

Katikati ya Machi shule iliwaita wazazi Jumamosi moja kabla ya futari. Mshauri alieleza kazi yake, na alipofika kwenye suala la siri alisema waziwazi kwamba yanayosemwa na mtoto hayatamfikia mzazi, mwalimu mkuu wala mwalimu wa darasa, isipokuwa katika hali tatu: mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru, akiwa na nia ya kumdhuru mwingine, au ikibainika kwamba kuna mtu anayemnyanyasa. Ukumbi ulinong'ona. Baba mmoja alisimama, kwa adabu lakini kwa uchungu, akasema kwamba sisi watu wa pwani tuna sitara zetu, na wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Iweje mtoto wake akatoe mambo ya nyumba kwa mtu baki? Mshauri akamjibu: “Kombe nitalifunika, mzee wangu. Ninachoomba ni mtoto asifunikwe pamoja nalo.”

Nimelirudia jibu hilo moyoni mara nyingi. Sitara, kama tulivyofundishwa, ni kumstahi mtu aibu yake isienee. Haina maana ya kumnyima nafasi ya kuisema. Chumba hiki, kikiendeshwa inavyopaswa, ni sitara kuliko sebule zetu, ambamo kila ukuta una shangazi nyuma yake.

Mama mwingine aliuliza lile ambalo wengi tulikuwa tukiliogopa: je, mtoto akisema amechoka kuishi, atapelekwa polisi? Swali hilo halikuwa la ujinga. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji, na familia zimeishi na hofu hiyo miaka mingi, zikificha hata pale zilipohitaji daktari kwa dharura. Mshauri alieleza kwamba Januari ya mwaka huo huo, 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Mtoto anayesema maneno kama hayo hupelekwa kwenye matibabu, na haachwi peke yake hata dakika moja hadi afike huko. Halafu likaja la Port Reitz. Hospitali hiyo ina kitengo cha wagonjwa wa akili, na mjini kwetu jina lake limekuwa kejeli ya kumtupia mtu anayeongea ovyo. Alisema kwamba wachache sana watahitaji kufika huko, na atakayehitaji ataandikiwa barua na kusindikizwa, kama anavyopelekwa hospitali aliyevunjika mkono. Akatutajia pia kwamba, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba theluthi ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu kabla hajatimiza miaka 18. Nilitazama nyuma yangu, safu za viti, nikajikuta nahesabu saba saba.

Sasa nije kwenye lawama zangu, ambazo karibu zote zinahusu kuta na saa.

Chumba hicho kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Kilikuwa katikati ya korido, upande mmoja ofisi ya walimu na upande wa pili ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, mlango ukitazama uwanja. Nusu yake ilibaki na nyavu, mipira, na vigingi vya kurukia. Nusu nyingine ikapewa meza, viti viwili na boksi la tishu. Paa ni la mabati lisilo na dari. Mwezi Februari na Machi, joto la kaskazi likiwa kileleni, mtu hawezi kukaa humo mlango ukiwa umefungwa, na mlango ukiwa wazi hakuna siri. Feni ililetwa muhula wa pili, baada ya wazazi wanne kuchanga. Kuta nazo ni za mbao nyepesi upande wa ofisi ya walimu, na binti aliniambia kwamba siku moja, katikati ya maneno yake, alisikia mwalimu upande wa pili akiomba sukari. Akajua kwamba kama yeye anaisikia sukari, basi huko nako wanamsikia yeye.

Saa zenyewe zilipangwa na mtu asiyeijua Mombasa, au aliyeisahau. Vikao viliwekwa wakati wa mapumziko ya mchana na baada ya saa kumi jioni. Baada ya saa kumi nusu ya watoto wanakimbilia madrasa, na wanaokaa Likoni wanakimbilia feri kabla foleni haijawa ndefu. Mtoto atakayebaki nyuma siku mbili kwa wiki atalazimika kueleza nyumbani kwa nini amechelewa, na hapo siri imekwisha. Ikabaki mchana, ambapo shule nzima iko uwanjani na kila jicho linaona nani anaingia mlango gani. Ramadhani ilipoingia mwezi Machi mambo yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa waliofunga hawana la kufanya saa hiyo ila kukaa chini ya mwarobaini ulio mkabala na korido na kutazama.

Juu ya hayo kulikuwa na vikaratasi vya rangi ya waridi. Mshauri alipomhitaji mwanafunzi, kiranja aliingia darasani katikati ya kipindi na kumkabidhi mwalimu kikaratasi hicho, na darasa zima likavuta sauti. Wiki ya tatu binti alikataa kwenda. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua kuomba mambo mawili, vikaratasi viondolewe na chumba kihamishwe. Vikaratasi viliondolewa ndani ya siku mbili, na sanduku dogo lenye kufuli likawekwa maktaba, ambapo mwanafunzi hutumbukiza jina lake mwenyewe na kupangiwa saa. Namshukuru mwalimu mkuu kwa hilo. Kuhusu chumba nilijibiwa kwamba shule ina uhaba wa vyumba.

Jibu hilo nisingeweza kulikubali hata kama ningetaka. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na walioufanya waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mwaka 2025 shule za sekondari hazikupokea kidato cha kwanza kabisa, kwa sababu wale wa mtaala mpya walikuwa bado gredi ya 9. Kwa maneno mengine, mwaka mzima shule hii ilikuwa na madarasa mawili matupu nyuma ya maktaba, viti vikiwa vimepangwa juu ya madawati. Niliyaona kwa macho yangu siku ya mkutano wa wazazi, nikipita kwenda msalani.

Lipo pia suala la nidhamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili dhidi ya mwanafunzi. Shule hii haina sifa mbaya ya fimbo ukilinganisha na nyingine, lakini muhula wa kwanza ilikuwa kawaida mtoto aliyepigana au aliyekutwa anatafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, atumwe kwa mshauri kama sehemu ya adhabu yake, kabla au baada ya kukwangura nyasi. Matokeo yake ni kwamba kwenye benchi la nje ya chumba walikaa pamoja aliyefiwa na aliyepigana, na wapita njia hawakuweza kuwatofautisha. Mwezi Juni bodi ilipitisha kwamba hakuna atakayetumwa kwa mshauri kama adhabu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa umewaacha wavulana wa muguka bila mtu, maana wao kwa hiari yao hawaji. Serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka Mei 2024, mahakama ikasitisha amri hiyo, na tangu hapo watu wazima wamekuwa wakibishana kuhusu magari yanayoleta majani hayo huku wavulana wakiendelea kutafuna. Nadhani shule ingemleta mshauri wa kiume, hata kwa siku moja kwa mwezi, wangalau wawili watatu wangefika mlangoni.

Muhula wa pili kuliongezwa vipindi vya makundi, Ijumaa nne mfululizo, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Njia hii ina mizizi hapa hapa Kenya. Taasisi ya Shamiri imeifanyia utafiti, na matokeo ya jaribio moja lililohusu wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, yakionyesha kwamba vipindi vinne tu vinavyoongozwa na vijana wasio wataalamu vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Mambo yanayofundishwa hayana majina ya magonjwa: kwamba uwezo wa mtu unaweza kukua, kwamba kushukuru ni zoezi, na kwamba mtu ajue anachokithamini. Vijana waliokuja shuleni kwetu walikuwa wachangamfu na waliheshimiwa kwa sababu walikuwa wamevaa sare ya shule kama hiyo miaka miwili tu iliyopita. Kwa darasa zima naviona vipindi hivyo kuwa na faida. Kwa aliyefiwa juzi havikuwa na faida hiyo hiyo. Ijumaa ya shukrani kila mmoja aliombwa aandike mambo matatu anayoyashukuru, na binti aliketi mbele ya karatasi tupu, ukurasa ule ule wa Februari. Aliyeongoza alimwambia ajitahidi. Jumanne iliyofuata mshauri alimwambia hakuwa na haja.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko ndani ya muhula bali nje yake. Ada hulipia wiki za masomo tu. Mwaka 2025 muhula wa tatu ulikuwa wa wiki tisa na ulimalizika tarehe 24 Oktoba; tangu siku hiyo hadi Januari chumba kilifungwa na mshauri hakuwa na mkataba. Mwaka wa kwanza tangu kifo cha mamake ulitimia Novemba, katikati ya ukimya huo. Tumbo, ambalo lilikuwa limetulia tangu Mei, lilirudi wiki hiyo hiyo. Kwa bahati mshauri alikuwa amewapa wanafunzi wote nambari mbili za bure kabla ya kufunga, 116 ya Childline Kenya na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Binti alipiga 116. Nilimsikia barazani akiongea kwa karibu nusu saa, sikusikia anachosema, na nilihakikisha sisikii. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kumweleza mshauri mmoja habari zake zote analazimika kuanza upya na sauti asiyoijua, na hilo shule ingeliepuka kwa kulipia siku mbili au tatu katika kila likizo. Ningechangia shilingi mia zaidi kwa ajili hiyo bila kunung'unika.

Kuhusu thamani, hesabu ni nyepesi. Nimelipa shilingi 1,500 kwa mwaka. Mtaalamu wa binafsi mjini aliniambia kikao kimoja ni shilingi 3,000, na kwa vikao 14 ningehitaji 42,000, ambazo sina. Utaratibu wa kila mzazi kulipa nauunga mkono kwa sababu nyingine pia: kwa kuwa risiti ya kila mtu inafanana, hakuna karani anayeweza kujua ni mtoto wa nani anayehudhuria. Alama za dodoso zilishuka kutoka 16 mwezi Februari hadi 6 mwezi Septemba. Binti anakula, ana rafiki mmoja wa kweli, na Jumatatu yake ni kama siku nyingine. Hesabu bado haipandi, na mshauri hakuahidi kwamba itapanda. Nikitakiwa kutoa nyota, mshauri nampa tano kati ya tano, na shule, kwa jinsi ilivyomweka, naipa mbili na nusu.

Nyota hizo ni za mwaka 2025. Mwaka huo ukielekea mwisho lilitokea jambo moja ambalo haki inanilazimu nilitaje. Mwezi wa Oktoba mwalimu mkuu alikata sehemu ya mojawapo ya yale madarasa matupu kwa plaiwudi na kuhamishia huko meza, viti viwili na feni; na Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 walipokuja na madarasa yakajaa, kipande hicho hakikunyang'anywa. Kiko nyuma ya maktaba, hakionekani kutoka uwanjani, na anayekiendea anaweza kudhaniwa anafuata kitabu. Ada imepanda hadi 600. Mfadhili aliyenunua plaiwudi ameandikisha juu ya mlango, kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka mbali, maneno CHUMBA CHA USHAURI NASAHA, na nilipouliza kama yanaweza kufutwa niliambiwa kwamba alitaka yapigwe picha.

Nyavu na mipira ilibaki kule kule kwenye korido, karibu na naibu. Lakini watoto, wale wa kidato cha nne na hata hawa wageni wa gredi ya 10 ambao hawakukiona chumba cha zamani, wakiulizwa wanaelekea wapi hujibu tu kwamba wanaenda stoo.